Redio Isiyorudi kwa Fundi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wahitimu wa umeme na elektroniki mliovaa majoho mazito kwenye jua lote hili: shikamooni wakubwa zangu, na vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze habari za historia ya redio. Ziko historia mbili, na zote mbili siwezi kuzimaliza kabla ya chakula. Moja ni ya waliorusha mawimbi hewani. Nyingine ni ya waliofanya redio ikae juu ya kabati la mtu wa kawaida, ikafunguliwa jioni na ikalia. Ya kwanza mmefanyia mitihani, kwa hiyo nitaipita mbio.

Heinrich Hertz, Mjerumani, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1880 kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo kweli. Baada yake walikuja wengi kwa mkupuo: Lodge Uingereza, Bose kule Calcutta, Popov Urusi. Ninachotaka mkikumbuke ni jambo la Guglielmo Marconi, kijana wa miaka 21, aliyekuwa akifanya majaribio mwaka 1895 nyumbani kwa wazazi wake Pontecchio, karibu na mji wa Bologna. Kaka yake Alfonso alipelekwa nyuma ya kilima akiwa na bunduki, na kazi yake ilikuwa moja tu: akipokea ishara, apige risasi juu. Mlio ukasikika. Mwaka uliofuata mama yao, Annie Jameson, mwanamke wa Ireland kutoka ukoo maarufu wa watengeneza wiski, akamchukua mwanawe hadi London. Huko ndugu wa upande wa mama, mhandisi Henry Jameson Davis, akamfungulia milango ya wanasheria wa hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, na ya watu wenye fedha. Mwaka 1897 kampuni ikasajiliwa. Desemba 1901 ishara ikavuka Atlantiki, kutoka Poldhu, Uingereza, hadi St. John's, Newfoundland, ng'ambo ya pili. Vitabuni linabaki jina la Marconi peke yake, lakini hesabuni wenyewe: kaka na bunduki, mama na safari, binamu na mtaji. Nitalirudia jambo hili nikifika kwa mwanamke mmoja wa Osaka.

Na Osaka ndiko ninakotaka kuwapeleka leo.

Konosuke Matsushita, mwanzilishi wa kampuni ya redio na betri za National, siku hizi Panasonic, alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Wakayama, Japani, mtoto wa mwisho kati ya wanane. Baba yake alikuwa na mashamba, akaingia kwenye biashara ya kubashiri bei ya mchele, na bei ikamgeuka. Mali ikaisha yote. Mtoto akiwa na miaka tisa akatolewa shule na kupelekwa Osaka kuwa mwanagenzi, kwanza kwenye duka la vyungu vya mkaa vya kuotea moto, kisha kwenye duka la baiskeli. Baiskeli zama zile zilikuwa bidhaa ya wenye nazo, nyingi zikitoka Uingereza, na dukani hapo ndipo alipojifunza kukaa na chuma na kumsikiliza mteja. Akaona tramu za umeme zinaanza kupita mjini. Mwaka 1910, akiwa na miaka 15, akahamia kampuni ya umeme ya Osaka, kazi yake ikiwa kutandaza nyaya majumbani.

Alipanda cheo upesi hadi ukaguzi. Akiwa huko akabuni holda ya balbu iliyokuwa bora kuliko zile walizotumia, akampelekea bosi wake, na bosi hakuona cha maana. Mwaka 1917 akaacha kazi, afya yake mbovu na akiba yake haifiki yeni 100. Elimu yake ya shule hakuimaliza hata ya msingi. Wahitimu wangu, mmenizidi vyeti mimi na mmemzidi Matsushita pia, kwa hiyo kwa upande huo tulieni.

Karakana ilikuwa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vidogo, wakang'oa sehemu ya sakafu ili wapate mahali pa kufanyia kazi. Waliokuwamo: yeye, wafanyakazi wenzake wawili wa zamani, mkewe Mumeno, na kaka mdogo wa Mumeno, Toshio Iue, kijana wa miaka 14 aliyetoka kisiwa cha Awaji. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuchanganya ile nyenzo ya kuhami umeme inayofinyangwa kuwa mwili wa holda. Walijaribu, wakaharibu, wakaokota vipande vya mabaki kiwandani kwa watu ili wavichunguze, mpaka mtu mmoja waliyewahi kufanya naye kazi akawaeleza mchanganyiko. Holda zikatoka. Wakazunguka nazo Osaka nzima, na zilizonunuliwa zilikuwa kama mia moja. Wale wenzake wawili wakaondoka kutafuta riziki kwingine, na siwalaumu. Akabaki na mke na shemeji.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa Mumeno. Kimono zake zilikwenda rehani moja baada ya nyingine, na pete yake pia. Baadaye, wanagenzi walipoanza kuishi nyumbani kwao, yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia, akiwafulia na kuwarudi wakikosea. Mtaji wa mwanzo wa kampuni hii, ukiupima kwa haki, nusu yake ulitoka kwenye sanduku lake la nguo. Siku hizi kijana akija kuniambia amefungua karakana peke yake, huwa namuuliza chakula cha mchana anapikiwa na nani.

Kilichowaokoa hakikuwa holda. Mwisho wa mwaka 1917 kampuni ya Kawakita, iliyokuwa ikitengeneza feni, iliagiza sahani 1,000 za kuhami umeme, kwa sababu zile za kauri zilikuwa zinavunjika. Nyenzo ile ile, umbo jingine. Wakashinda wakikesha na kumaliza kabla mwaka haujaisha. Wakapokea yeni 160, faida ikiwa kama nusu yake. Machi 1918 wakahamia nyumba kubwa zaidi mtaa wa Ohiraki na kuiandikisha kazi yao rasmi.

Mnaona hata redio haijatajwa. Na haitatajwa kwa miaka mingine kumi na zaidi. Kampuni ambayo babu zenu waliijua kwa redio ilianza na plagi, soketi na taa ya baiskeli, na taa hiyo ndiyo iliyoifundisha kutengeneza redio. Nitawaeleza vipi.

Mwaka 1923, mwendesha baiskeli wa Japani usiku alitumia mshumaa au taa ya mafuta, upepo ukija giza. Taa za betri zilikuwapo, ila zilizimika baada ya saa mbili tatu. Matsushita akabuni taa yenye umbo la risasi, iliyokaa ikiwaka saa 30 hadi 50. Akaipeleka kwa wauza jumla, na wote wakaikataa, kwa sababu taa za betri walikwisha kuumwa nazo: wateja walikuwa wakizirudisha dukani kwa hasira. Akafanya jambo ambalo mhasibu yeyote angemkataza. Akaenda kwenye maduka ya baiskeli, akaacha taa chache kila duka, moja akiiwasha palepale, akasema iacheni hivi hivi, mkiridhika mtanilipa. Wenye maduka wakafunga jioni, wakafungua asubuhi, taa inawaka. Kesho yake tena inawaka. Maneno yakaenea yenyewe.

Miaka minne baadaye akatoa taa ya mraba, ya kwanza kubeba jina la National. Safari hii alitaka kugawa bure taa 10,000. Betri za kuweka ndani alizipata kwa mtu mwingine, Okada wa Tokyo, naye akamwomba betri 10,000 bure pia, kwa ahadi kwamba kabla ya mwaka kwisha atamuuzia betri 200,000. Okada lazima alidhani mtu huyu ana homa. Ziliuzwa 470,000.

Sasa redio. Matangazo ya kwanza ya Japani yalisikika Tokyo Machi 1925. Kufika 1930 redio zilikuwa nyingi, na zilikuwa balaa. Matsushita mwenyewe alikuwa nayo moja nyumbani, ikamharibikia usiku wa kipindi alichokuwa akikisubiri. Akaona hapo kuna kazi, akaingia ubia na kiwanda kidogo kilichokuwa kikiziunda, yeye akauze kupitia mtandao wake wa maduka ya vifaa vya umeme.

Redio zikarudi. Hazikurudi moja moja, zilirudi kwa mafungu, mpaka stoo ikajaa. Akatafuta sababu, na sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Redio zile hazikuwa mbovu kuliko za wengine. Zamani kiwanda kilikuwa kikiwauzia wauza redio halisi, watu wenye ufundi, ambao kabla ya kumkabidhi mteja walifungua kasha, wakakaza skrubu iliyolegea, wakasukuma valvu iliyochomoka njiani (valvu ni ile chupa ya kioo mfano wa balbu iliyokuza ishara ndani ya redio za zamani), wakaijaribu. Maduka ya Matsushita yaliuza balbu na soketi. Mwenye duka alichomeka, ikikaa kimya alisema mbovu, akairudisha kwenye sanduku lake.

Mbia wake akasema dawa ni rahisi: tuuze kwa wanaojua redio tu. Ukiliwaza neno lake lina akili. Matsushita akakataa. Yeye alitaka redio ambayo muuza balbu asiyejua kitu ataichomeka na italia. Wakaachana, hasara ya kuvunja ubia akaibeba yeye. Akamwita Tetsujiro Nakao, fundi wake mkuu, aliyekuwa ametoka Tokyo baada ya lile tetemeko kubwa la 1923 na aliyewahi kumtengenezea pasi ya umeme ya bei nafuu. Akamwambia abuni redio, haraka. Nakao akajibu kwamba redio haijui kabisa. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba vijana mitaani wananunua vipuri na kujiundia redio vizuri tu vyumbani mwao, na wewe una kiwanda kizima.

Baada ya takriban miezi mitatu redio ya valvu tatu ikawa tayari. Wakati huo shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilikuwa limetangaza shindano la redio bora. Mwaka 1931 redio ya Nakao ikachukua nafasi ya kwanza, mbele ya makampuni yaliyokuwa kwenye kazi hiyo tangu mwanzo. Wakaiuza yeni 45, juu ya bei ya redio nyingi sokoni, na mawakala wakalalamika kwamba ni ghali. Lakini hazikurudi.

Wahitimu, najua mnachowaza, kwa sababu hata mimi nimekula kwa kazi hii: redio ikiacha kuharibika, fundi atakula nini? Ni kweli kwamba riziki yetu iko kwenye kasoro za watu wengine. Fundi mwenye njaa huiombea kapasita ya mteja, kile kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme, ipasuke. Ila angalieni Nakao alikuwa nani. Hakuwa mvumbuzi wa redio, alikuwa fundi, na alichokifanya ni kazi ya benchi ile ile mtakayokwenda kuifanya: aliangalia vilivyorudi, akaona vinarudi kwa kosa gani, akalizuia kosa kabla kifaa hakijatoka. Fundi wa mtaani anayekarabati redio 50 za aina moja anajua udhaifu wake kuliko mhandisi aliyeichora. Tofauti ni kwamba huku kwetu hakuna anayemuuliza, naye hajiandikii. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza viwanda vyetu, kabla hata hatujafika kwenye habari ya mitaji.

Mwaka 1932 likaja jambo lililowashangaza wenzake. Mvumbuzi Hiroshi Ando alikuwa na hataza ya mambo ya valvu iliyowabana watengeneza redio wote wa Japani. Ukibuni saketi ya maana unagonga ukuta wake. Matsushita akainunua kwa yeni 25,000, fedha nyingi mno kwa kampuni ya ukubwa ule, kisha akatangaza kwamba kiwanda chochote kinaweza kuitumia bure. Kuna wanaoliita hilo wema. Mimi naona ni wema uliochanganyika na hesabu: soko zima la redio likikua, mwenye redio isiyorudi ndiye anayekula zaidi. Mwaka huo huo aliwakusanya wafanyakazi na kuwaambia kazi ya kiwanda ni kufanya bidhaa ziwe tele na rahisi kama maji ya bomba, akawatangazia mpango wa miaka 250. Sisi tuliokulia kwenye mipango ya miaka mitano mitano tunaweza kucheka, lakini waliokuwapo ukumbini walipanda jukwaani wakigombea kusema.

Nisimpake asali mtupu. Vita ilipopamba moto viwanda vyake viliingizwa katika kazi ya jeshi, hadi kuunda meli na ndege za mbao. Japani iliposhindwa, Wamarekani waliokuwa wakiitawala wakaiweka kampuni yake kwenye orodha ya makundi makubwa ya kifamilia ya kuvunjwa, naye akazuiwa kuongoza. Chama cha wafanyakazi, ambacho kwingine ndicho kilichokuwa kikishangilia matajiri wakiondolewa, kikapeleka saini za watu wengi kumtetea. Wengi walikumbuka Desemba 1929, mauzo yalipoanguka nusu kwa sababu ya mdororo wa dunia: alipunguza kazi kuwa nusu siku, mshahara akaacha kamili, hakufukuza mtu, na wafanyakazi wakaacha mapumziko yao kwenda kuuza mali iliyolala stoo. Kwa miezi miwili stoo ikawa nyeupe.

Katika misukosuko ile ya baada ya vita, yule shemeji Toshio Iue, sasa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, aliondoka na mwaka 1947 akaanza ya kwake. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa taa ya dainamo ya baiskeli. Mwaka 1952 akatoa redio yenye kasha la plastiki, nafuu kuliko za mbao. Kampuni hiyo ni Sanyo. Familia moja, karakana moja ya vyumba viwili, majina mawili yaliyokuja kushindana madukani kote duniani. Miaka zaidi ya 60 baadaye kampuni ya shemeji ilinunuliwa na ile ya mume wa dada yake, ambayo nayo ilikwisha kuacha jina la Matsushita mwaka 2008 na kujiita Panasonic.

Mwaka 1952 huo huo Matsushita alikwenda kutafuta ufundi wa valvu Uholanzi, kwa familia nyingine. Philips ilianzishwa Eindhoven mwaka 1891 na Gerard Philips kwa fedha za baba yake Frederik, ikitengeneza balbu. Mdogo wake Anton akaja kuwa muuzaji, na bila Anton ingefilisika. Valvu za redio waliingia kupitia mhandisi Hanso Idzerda, ambaye kuanzia Novemba 1919 alikuwa akirusha muziki hewani kutoka nyumbani kwake The Hague na aliyehitaji mtu wa kumtengenezea valvu. Basi Philips wakataka, pamoja na hisa 30 kwa mia za kampuni ya ubia, ada ya ufundi ya asilimia 7 ya mauzo. Mjapani akasema sawa, ufundi ni wenu, lakini uongozi wa kiwanda ni wetu, na uongozi nao una bei. Philips hawakuwahi kusikia kitu kama hicho. Majadiliano yakavutwa, na mwisho wakakubaliana: Philips walipwe asilimia 4.5 kwa ufundi, na Matsushita alipwe asilimia 3 kwa uongozi. Mnaokwenda kusaini mikataba na wageni, naomba muisome habari hii mara mbili.

Familia hizi mbili zilifika hapa kwetu. Philips walikuwa na kiwanda cha redio Arusha. Matsushita walifungua chao Dar es Salaam miaka ya 1960, cha redio na betri, na betri ndizo zilizobeba jina la National hadi kijiji ambacho nguzo ya umeme ilikuwa bado haijafika. Transista, vipuri vidogo visivyohitaji kioo, zilikwisha kuchukua nafasi ya valvu, redio ikawa inakula kidogo, na mkulima mwenye betri chache aliweza kufuata matangazo ya Radio Tanzania kwa wiki kadhaa. Zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati, zikarudishiwa uhai wa siku mbili. Wasomi waliwacheka wazee kwa hilo, lakini kemia ilikuwa upande wa wazee: joto huchangamsha mmenyuko ndani ya betri ya zinki na kaboni, kwa muda.

Nimeambiwa chakula kiko tayari, kwa hiyo nawaachia meza ile pale kushoto. Nimeleta redio tatu kuukuu, na skrubu zake nimezilegeza. Zifungueni, mtafute kipi kilichokufa kwanza katika kila moja na kwa nini, kisha jioni mniambie. Hizo mbili za transista shikeni mnavyotaka. Ile kubwa ya mbao ni ya valvu, na niliijaribu asubuhi kwenye umeme, kwa hiyo kapasita zake zitoeni chaji kwanza, na asiguse mtu mwenye joho refu.